Jiwe Lisidondoke: Kuchagua Mshiko wa Pete ya Almasi na Vijiwe vya Pembeni

Mazungumzo na wakazi wa Upanga, Dar es Salaam



Mtaa huu hauna haja ya kuelezwa almasi ni nini. Ukumbi wa Diamond Jubilee, ambamo wengi wenu mmekula pilau za harusi, jina lake latokana na jubilei ya almasi ya Aga Khan wa Tatu, aliyepimwa kwa almasi hapa Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 1946. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1940, mwanajiolojia kutoka Kanada aitwaye John Williamson alikuwa amekwisha kugundua almasi za Mwadui, Shinyanga. Mgodi huo ndio ulilolitoa jiwe la waridi alilotunukiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, lenye karati 54.5 likiwa ghafi na karati 23.6 baada ya kuchongwa. Jiwe hilo halikutiwa kwenye pete. Mwaka 1953 liliwekwa katikati ya bizimu lenye umbo la ua, na bizimu huvaliwa kifuani, mahali pasipogusana na sufuria wala kitasa cha mlango.

Pete haina bahati hiyo. Hakuna pambo linalogongwa kama pete, kwa kuwa hakuna kiungo cha mwili kinachofanya kazi kama mkono. Hata hivyo, mnunuzi aingiapo dukani kwa sonara, maswali yake ya kwanza aghalabu ni mawili: jiwe lina ukubwa gani, na bei yake ni kiasi gani? Swali la tatu, yaani jiwe hilo limeshikwa na nini, huulizwa siku limekwisha kudondoka.

Tuseme yupo muuguzi katika hospitali ya jirani. Mchumba wake alidunduliza kwa miaka miwili, akaongezea fedha za mgao wa kikoba, akamnunulia pete ya almasi moja kubwa yenye vijiwe vidogo pande zote mbili. Muuguzi huyu huvaa na kuvua glavu mara nyingi kila zamu. Mwezi wa nne, akiwa ndani ya daladala, anapapasa pete kwa dole gumba na kukuta shimo. Jiwe halipo. Dukani anaambiwa kwamba ameigonga mwenyewe. Anatoa stakabadhi, imeandikwa “pete moja” na jumla ya fedha, basi. Je, mshiko ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, au pete iligongwa kweli? Jiwe lililopotea lilikuwa la uzito gani? Lilikuwa almasi? Kwa karatasi ile, hakuna mtu awezaye kumjibu, na ofisi yoyote ya Serikali atakayoiendea itaanza kwa kumuuliza maswali hayo hayo. Kwa hiyo leo nitazungumzia mshiko kwa urefu, kisha karatasi kwa ufupi.

Nianze na neno lenyewe. Mshiko ni ile sehemu ya pete inayolishikilia jiwe. Ulio maarufu zaidi ni wa vikucha: vijiti vyembamba vya dhahabu vinavyoinuka kutoka kwenye pete na kuinamia juu ya ukingo wa jiwe. Sababu ya umaarufu wake yaeleweka. Vikucha hufunika sehemu ndogo sana ya jiwe, mwanga huingia kutoka kila upande, na almasi hung’aa. Lakini jiwe zima latundikwa juu ya vijiti hivyo, na vijiti husagika. Kila unapoingiza mkono mfukoni, unapokuna nazi, unapobeba mfuko wa sandarusi kutoka Kariakoo, chembe ya dhahabu huondoka. Baada ya miaka kadhaa ncha iliyokuwa nene kama punje ya mtama huwa nyembamba kama ukucha wa mtoto.

Watu huniuliza: vikucha vinne au sita? Jibu la haraka ni sita. Kikucha kimoja kikivunjika kati ya vinne, vitatu vilivyobaki vinaweza kushindwa kulizuia jiwe lisichomoke upande ulio wazi. Kikivunjika kimoja kati ya sita, vitano huendelea kushika mpaka utakapofika kwa sonara. Jibu la pili, ambalo wauzaji wachache hulitaja, ni kwamba vikucha vinne vinene ni bora kuliko sita vilivyo kama nywele. Viangalieni kwa ubavu. Kila kikucha kiwe na unene unaolingana na wenzake, ncha yake iwe imelala juu ya jiwe bila kuacha mwanya, na chini yake kiwe kimeungana na pete kwa kiungo kilichojaa, kisicho na vitundu.

Umbo la jiwe nalo lina neno lake. Jiwe la mviringo halina pembe, kwa hiyo ni rahisi kulishika. Jiwe la mraba, lile lenye umbo la tone la maji, au lile lililochongoka pande mbili kama mtumbwi, yote yana ncha. Hapa niwaondolee dhana moja. Almasi ni ngumu kuliko madini mengine yote ya asili. Katika kipimo cha ugumu alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, almasi ina 10. Lakini ugumu huo ni wa kutokwaruzika. Kupasuka ni habari nyingine: ndani ya almasi kuna nyuso ambazo kwazo hupasuka ikigongwa vibaya, na pembe ndipo mahali dhaifu kuliko pote. Basi jiwe lenye pembe lapaswa kuwekewa kwenye kila pembe kikucha kilichokunjwa mithili ya herufi V, kinachoikumbatia ncha kutoka pande mbili. Mkiona jiwe la mraba ambalo vikucha vyake vimewekwa katikati ya mbavu na pembe zimeachwa uchi, liacheni hapo hapo kabatini.

Mshiko wa pili ni wa ukingo. Ukuta mwembamba wa dhahabu hulizunguka jiwe pande zote na kukunjwa kidogo juu yake. Ni ufundi wa kale kuliko wa vikucha, na kwa mtu afanyaye kazi za mikono ndio ninaoupendekeza bila kusita: muuguzi, mpishi, fundi cherehani, mama mwenye mtoto mchanga, mfanyabiashara wa vitenge anayeshusha marobota tangu alfajiri. Hauna ncha ya kunasa uzi wala kuchana glavu. Watasema unalificha jiwe na kulifanya lionekane dogo. Ni kweli kidogo, ingawa ukingo wa dhahabu nyeupe huweza kulifanya almasi lionekane pana zaidi. Hasara yake halisi iko kwingine: ukingo mpana unaweza kuficha kiuno cha jiwe kilichobanduka, kwa hiyo ombeni kuliona jiwe kabla halijawekwa.

Upo pia mshiko unaolibana jiwe kati ya ncha mbili za pete, likaonekana kama linaelea. Ni wa kupendeza. Mimi nisingemshauri mtu wa Dar es Salaam aununue, kwa sababu pete ya namna hiyo ikihitaji kupanuliwa au kupunguzwa, si kila fundi awezaye kuifanya kazi hiyo salama.

Jambo jingine ni kimo. Ukiiweka pete juu ya meza na kuitazama kwa ubavu, jiwe limeinuka kiasi gani? Kila linapokwenda juu ndivyo linavyozidi kuwa wenzo: pigo dogo juu yake huwa nguvu kubwa kwenye mizizi ya vikucha. Pete iliyoinuka hunasa kanga, hunasa nywele, hunasa chandarua usiku. Na mduara wa pete usiwe mwembamba mno. Ukiwa chini ya milimita moja na nusu upande wa kiganjani, pete itapinda, na pete ikipinda vikucha hufunguka hata kama jiwe halikuguswa kabisa.

Sasa dhahabu. Hapa Upanga, kama ilivyo Zanzibar na pwani yote, tumelelewa tukiheshimu dhahabu ya karati 22. Bangili za bibi zilikuwa za karati 22, na ndivyo ilivyostahili. Lakini karati 22 maana yake ni sehemu 916 za dhahabu katika kila 1000, na dhahabu ya kiwango hicho ni laini. Kwa bangili hakuna ubaya. Kwa kikucha chembamba kinachoshikilia jiwe la mamilioni ni hatari. Kwa pete ya almasi, karati 18 ndiyo yenye mizani nzuri: dhahabu sehemu 750, zilizobaki ni metali za kuitia nguvu. Tafuteni namba 750 imegongwa ndani ya pete. Karati 14 huwa na 585, karati 9 huwa na 375. Ikiwa moyo wenu hauridhiki bila karati 22, mduara wa pete uwe wa karati 22 na kichwa kinachoshika jiwe kiwe cha karati 18. Masonara wazuri wanaijua kazi hiyo. Na tafadhali msichanganye karati mbili. Karati ya dhahabu hueleza usafi, ilhali karati ya jiwe hueleza uzito, na karati moja ya jiwe ni gramu 0.2. Muuzaji akisema “hii ni karati kumi na nane” anazungumzia dhahabu.

Dhahabu nyeupe hupakwa tabaka jembamba la rodiamu ili iwe na weupe wa fedha. Tabaka hilo huchakaa, na kulirudishia ni gharama itakayojirudia. Ulizeni mapema ni kiasi gani. Wanaofua kwa dawa ya kuondoa madoa wavue pete kwanza, kwa sababu klorini hushambulia metali zilizochanganywa na dhahabu nyeupe, na kikucha huweza kukatika bila onyo.

Nimefika kwenye vijiwe vya pembeni, na hapa nitakaa kidogo, kwani ndipo watu wengi wanapopoteza fedha bila kujua.

Nchi yetu imejaliwa vito. Mtu huona fahari kuweka almasi ya Mwadui katikati na tanzanaiti mbili kando yake, na mimi naielewa fahari hiyo. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 kule Mererani na haichimbwi mahali pengine popote duniani. Lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7. Linganisheni na vumbi. Vumbi letu, lile linalotua juu ya meza asubuhi na kurudi tena adhuhuri, lina chembe za mchanga wa kwazi, na ugumu wa kwazi ni 7. Maana yake ni kwamba kila mnapoifuta pete kavu kwa kitambaa chenye vumbi, mnaisugua tanzanaiti kwa msasa. Zaidi ya hayo, tanzanaiti hupasuka kwa urahisi na haivumilii badiliko la ghafla la joto, wala haifai kutiwa kwenye mashine ya kusafishia kwa mtikisiko ambayo masonara wengi wanayo. Ivaeni kwenye hereni, ivaeni kwenye kidani. Ikiwa lazima iwe kwenye pete, basi iwe pete ya sherehe na izungukwe na ukingo wa dhahabu.

Kwa pete ya kila siku, jiwe la rangi lenye kuaminika ni yakuti, nyekundu au ya samawati, ambayo ugumu wake ni 9. Nyekundu huchimbwa Longido na ya samawati hupatikana bonde la Umba na Tunduru. Spineli ya Mahenge ina 8, na nyekundu yake yenye waridi haihitaji sifa zangu. Tsavoraiti, ile ya kijani kibichi, ina takribani 7 hadi 7.5: yafaa, kwa uangalifu. Zumaridi ina ugumu wa kutosha kwenye karatasi, lakini aghalabu imejaa nyufa zilizojazwa mafuta, kwa hiyo msiipeleke kwenye sabuni kali wala maji ya moto. Lulu isikae kwenye pete ya mtu anayeosha vyombo.

Tukirudi kwa vijiwe vidogo vya almasi, vile vyenye upana wa milimita moja au mbili, navyo vina mishiko yake. Vinaweza kupangwa ndani ya mfereji, kati ya kuta mbili za dhahabu. Mshiko huo ni imara, ila pete ikipanuliwa kuta huachana na vijiwe hulegea vyote kwa pamoja. Vinaweza pia kutandazwa juu ya pete nzima, kila kimoja kikishikwa na vitone vidogo vya dhahabu. Huo ndio unaometa kuliko yote, na ndio unaodondosha vijiwe kuliko yote, kwa sababu kila kitone ni kidogo kuliko punje ya chumvi. Atakayeuchagua ajue kwamba anachagua pia safari za kwa sonara. Na vijiwe vikizunguka pete yote hadi kiganjani, vitagongwa kwenye usukani, kwenye ndoo, kwenye mwiko, na pete hiyo ni taabu kubwa kuibadilisha kipimo. Nusu ya duara yatosha. Upande wa kiganjani hakuna anayeutazama.

Yupo muuzaji atakayewaambia pete ina “karati moja”, na mezani bei itaonekana nafuu ajabu. Mwulizeni: karati moja ni ya jiwe la katikati, au ni jumla ya mawe yote? Karati moja iliyogawanywa kati ya vijiwe thelathini haina thamani hata karibu ya jiwe moja la karati moja, maana mawe makubwa ni adimu na bei hupanda kwa kuruka. Kusema jumla si kosa. Kosa ni kuitaja jumla kana kwamba ni jiwe moja.

Mkiwa dukani, fanyeni ukaguzi bila haya. Ombeni lenzi ya kukuza mara kumi. Sonara wa kweli haikosi, na hatakasirika. Tazameni kama jiwe limeshikwa na metali au limegandishwa kwa gundi, ambayo huonekana kama ute unaong’aa kwenye mishono. Chukueni uzi wa pamba au pembe ya kanga, mpitishe juu ya vikucha taratibu. Ukinasa, ncha haikulala vizuri. Shikeni pete karibu na sikio na muigonge kwa kidole polepole. Jiwe lililolegea hulia, mlio mdogo mkavu usioweza kuusahau ukishausikia mara moja.

Kuhusu kama jiwe ni almasi, kuweni na kiasi katika kuamini kalamu za kupimia joto. Nyingi hudanganywa na moisanaiti, jiwe la kutengenezwa ambalo hupitisha joto karibu kama almasi; chini ya lenzi kingo zake za nyuma huonekana mbili mbili. Almasi ya maabara ni almasi kwa kila hali ya kikemia, na kalamu hiyo haiwezi kuitofautisha na ya mgodini. Ni bidhaa halali, bei yake ni ya chini sana, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Jiwe kubwa liwe na cheti cha maabara inayojulikana, kama vile GIA, na mara nyingi namba ya cheti huwa imechorwa kwa mwanga wa leza kwenye kiuno cha jiwe. Isomeni namba hiyo kwa lenzi kabla ya kulipa.

Sasa karatasi. Dai stakabadhi ya mashine ya EFD, na pamoja nayo maelezo ya sonara yenye mhuri: uzito wa pete kwa gramu, karati ya dhahabu, uzito wa jiwe la katikati peke yake, idadi na jumla ya uzito wa vijiwe vya pembeni, kama mawe ni ya asili au ya maabara, kama yamefanyiwa lolote kuboresha rangi, na muda ambao duka litakaza mawe bila malipo. Mizani iliyotumika iwe na stika ya Wakala wa Vipimo inayoonesha kuwa imehakikiwa. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora na asili ya bidhaa, na malalamiko hupokewa na Tume ya Ushindani. Lakini Tume haiwezi kusoma kisichoandikwa. Na anayewafuata barabarani Kariakoo na vijiwe ndani ya karatasi ya sigara, akinong’ona kwamba vimetoka mgodini jana, mwulizeni leseni: Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mfanyabiashara wa madini awe nayo.

Wengine mtakuja na bangili ya marehemu bibi mkitaka iyeyushwe iwe pete ya mjukuu. Ipimeni mbele ya macho yenu kabla ya kuiacha, uzito uandikwe, na muulize ni kiasi gani kitapotea katika kuyeyusha. Vivyo hivyo kwa pete inayokwenda kutengenezwa: ipigeni picha kwa karibu, na muandikishe alama za ndani ya jiwe mlizoziona kwa lenzi. Wengi wa masonara wa jiji hili waliirithi kazi kutoka kwa baba na babu zao na jina lao ni mtaji wao. Karatasi hiyo huwalinda wao pia, siku mteja atakapodai kwamba jiwe lake lilikuwa kubwa zaidi.

Kipimo cha kidole kichukuliwe mara mbili, asubuhi na alasiri, kwa maana joto letu huvimbisha vidole, na chumba chenye kiyoyozi huvipunguza. Pete inayozunguka kidoleni huangusha jiwe upande, na vikucha hugongwa kwa ubavu. Baada ya hapo, kila miezi sita irudisheni kwa sonara aikague. Ni kazi ya dakika kumi.

Nimekuja na lenzi tatu na uzi wa pamba, viko juu ya meza ile karibu na dirisha. Aliyevaa pete na aje tuitazame pamoja. Kina mama wenye haraka ya kwenda kupika wapewe nafasi ya kwanza.